Parkinson: mbona miguu inagoma mlangoni?

Daktari, baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo. Miguu ina nguvu, lakini akifika mlangoni anakwama kama aliyepigiliwa misumari. Kwa nini?

Shida haiko miguuni. Ili hatua moja itoke, sehemu kadhaa za ubongo hupashana habari: gamba la juu linaloamuru misuli, viini vya ndani kabisa vinavyoruhusu mwendo uanze, na ubongo mdogo wa kisogoni unaousawazisha. Viini hivyo hutegemea dopamini, kemikali inayotoka kwenye seli za eneo dogo jeusi katika shina la ubongo. Parkinson huziua seli hizo polepole. Dopamini ikipungua, viini na gamba hung'ang'ania mdundo mmoja wa umeme, kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde, na amri ya kuanza mwendo hupita kwa taabu. Ndiyo maana mzee anakuwa mzito, anakakamaa, hata mwandiko wake unasinyaa. Mlango mwembamba, kona, au kusemeshwa huku anatembea humzidishia.

Mbona ngazi anapanda vizuri? Ndugu wanasema anajifanya.

Hajifanyi, na tafadhali waambie waache, kwa sababu neno hilo linamuumiza. Kila kidato cha ngazi kinamwonyesha pa kukanyaga, na hatua inayoongozwa na macho au sauti hutumia zaidi njia nyingine za ubongo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za namna hiyo, na mwendo wao ukaongezeka kasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Nyumbani, bandika vipande vya utepe wa rangi sakafuni pale mlangoni, hatua kwa hatua, avuke kimoja kimoja. Au mhesabie: moja, mbili, moja, mbili. Usimvute mkono, ataanguka.

Levodopa, dawa yake ya kurudisha dopamini, imemlegeza mwili, ila mkono bado unatetemeka. Dawa imeshindwa?

Hapana. Mtetemo unahusisha pia mtandao wa ubongo mdogo, kwa hiyo kwa wengine hausikii dawa sawasawa na ukakamavu. Msimwongezee kidonge wala kumwachisha ghafla, rudini kliniki. Angalieni pia saa ya kumeza: nusu saa hivi kabla ya chakula, maana protini ya nyama au maharage hugombania njia na dawa hiyo, tumboni na hata inapoingia kwenye ubongo.