Maana ya usimbaji wa herufi, na kwa nini ng'ombe hugeuka ngâ€™ombe

Mteja aliingia steshenari moja ya Mwanga, Kigoma, na flashi yenye orodha ya wafanyabiashara wanaovusha mizigo ziwani. Majina ya watu wa Bujumbura na Kalemie yalikuwa mengi, na kwenye skrini André alisomeka AndrÃ©, François akawa FranÃ§ois. Alitaka yaandikwe upya, jina kwa jina. Hakukuwa na haja, maana faili lilikuwa zima.

Kompyuta haitunzi herufi, hutunza namba. Usimbaji wa herufi ni makubaliano kwamba namba fulani ni herufi fulani. ASCII, jedwali la makubaliano hayo lililotolewa mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, na A ndani yake ni 65. Herufi za Kiswahili zinaenea humo, ndiyo maana wengi wetu tunachapa miaka bila kukutana na tatizo hili. Za Kifaransa hazienei. Windows-1252, jedwali la Microsoft, ikaipa é namba 233, baiti moja (baiti ni kipande cha kumbukumbu kinachobeba namba 0 hadi 255). UTF-8, usimbaji waliobuni wahandisi wa programu Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huiandika é kwa baiti mbili, 195 na 169. Programu ikidhani inasoma Windows-1252, 195 kwake ni Ã na 169 ni ©. Hapo ndipo André anapoharibika.

Nasi hatuponi. Programu za kuandikia huipinda alama ya ng' (' ikawa ’), na alama iliyopindwa haimo kwenye ASCII. UTF-8 huiandika kwa baiti tatu, nazo zikisomwa kwa jedwali lisilo lake unapata ngâ€™ombe. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w huumia hivyohivyo, na jina la mtu si kitu cha kuachwa limeharibika.

Kubadili usimbaji ni kusoma baiti kwa jedwali la zamani, kuitambua herufi, kisha kuiandika kwa namba za jedwali jipya. Orodha ile tuliifungua upya kama UTF-8, majina yakarudi palepale. Ila programu ya mteja ya kuchapa lebo ni ya zamani na inaelewa Windows-1252 peke yake, kwa hiyo tukaandika amri ya iconv, programu ya kubadili usimbaji:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 orodha.txt > lebo.txt

Baada ya -f unataja usimbaji ulionao, baada ya -t unaoutaka. Usikisie wa kwanza. Ukidai faili la UTF-8 ni Windows-1252 kisha ulibadilishe kwenda UTF-8, Ã© inaandikwa ndani ya faili lenyewe, wala si kosa la kusoma tena. Na jedwali jipya likikosa herufi, iconv husimama na kutoa taarifa ya kosa, lakini zipo programu zinazoweka alama ya kuuliza kimyakimya, na é iliyokuwa pale hairudi. Ndiyo maana orodha.txt hatukuigusa.

Lebo zilitoka jioni ile, François akiwa na ç yake.