Asilimia 31 si kipimo cha wizi

Juzi saa mbili usiku mhadhiri mmoja alinipigia simu. "Mwalimu, huyu binti ameiba asilimia 31. Nimpe sifuri au nimpeleke kamati ya nidhamu?" Hiyo ni simu ya nne ya aina hiyo muhula huu, na uvumilivu umeniishia.

Nilimwomba afungue ripoti. Hakuwa ameifungua! Alikuwa ameona namba tu, na alama ya njano kando yake. Turnitin, programu inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, huweka njano kwa kila kazi yenye kufanana kwa asilimia 25 hadi 49. Ni rangi ya hesabu, na kampuni yenyewe husema wazi kwamba programu yake haiamui nani kaiba. Uamuzi ni wa mwalimu.

Tukaisoma pamoja. Asilimia 14 ilitoka kwenye marejeo, ambayo hayana budi kufanana na ya wengine kwa kuwa kitabu ni kilekile na mwaka ni uleule. Asilimia 6 ilikuwa kurasa za tamko na hakimiliki, maneno ambayo chuo kimeyaandika na kila mtahiniwa hulazimika kuyanakili. Asilimia 7 ilikuwa vipande vya namna ya "data zilikusanywa kwa kutumia dodoso na mahojiano". Sentensi hiyo utaiandikaje isifanane na ya mtu yeyote? Zikabaki aya mbili za sura ya pili, asilimia 4, zimechotwa mahali bila kutaja chanzo. Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa kweli. Lakini mhadhiri alikuwa tayari kumhukumu kwa zile 27 nyingine.

Kuhusu rasimu nitasema kwa kifupi. Msimamizi akiipakia kwenye darasa lake ndani ya Turnitin na kuiacha ihifadhiwe humo, nakala ya mwisho ikipakiwa darasa jingine itafanana na rasimu hiyohiyo kwa asilimia tisini na kitu. Zima uhifadhi kabla ya kupakia.

Linalonikosesha usingizi ni namba ndogo. Watu wakiona asilimia 5 wanapumua, wanasaini. Nimewahi kusoma tasnifu ya Kiswahili iliyopata asilimia 5, na sura nzima ya nadharia ilikuwa makala ya Kiingereza iliyotafsiriwa aya kwa aya. Niliitambua kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, mwandishi hajui anachokisema. Programu hutafuta mfuatano wa maneno unaofanana na ule uliomo kwenye kanzidata yake. Ukibadili lugha, mfuatano umepotea. Tena tasnifu zetu nyingi za zamani zimo kwenye rafu, zimepigwa chapa kwa taipureta, hazijawahi kuingia kwenye kompyuta yoyote. Anayenakili kutoka humo atapata sifuri safi. Kwa kazi ya Kiswahili, namba ndogo mara nyingi maana yake ni kwamba hapakuwa na cha kulinganisha nacho.

Halafu kuna ule ukomo wa kufanana kwa asilimia 20 ambao watu wanaushikilia kama sheria ya nchi. Matokeo yake wanafunzi wamejifunza kushusha namba badala ya kujifunza kunukuu. "Sampuli" inageuzwa "kiwakilishi", "dodoso" inakuwa "karatasi ya maswali", istilahi zinavurugwa hadi maana inapotea, na wazo lililoibwa limebaki palepale.

Tangu Aprili 2023 tumeongezewa namba ya pili, ile inayokisia ni kiasi gani cha kazi kimeandikwa na akili mnemba, nayo ni dhaifu zaidi. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023, kikatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai wakakiondoa. Chuo cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kitambuzi cha Turnitin Agosti mwaka huo. Walipiga hesabu kwamba kwa kazi 75,000 walizopakia mwaka 2022, kosa la asilimia 1 tu lingezitia hatiani kazi 750 bure. Watafiti wa Stanford nao walijaribu vitambuzi saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza; kwa wastani zaidi ya asilimia 61 zilisingiziwa kuwa za mashine. Vitambuzi hivyo hushuku maneno yanayotabirika, na mwanafunzi wetu anayeandika Kiingereza kama lugha ya tatu hutumia maneno machache aliyo na uhakika nayo. Anaadhibiwa kwa uangalifu wake.

Mimi humwita mwanafunzi, tunakaa, ananieleza hoja zake kwa mdomo. Sijaridhika na njia hii. Mwenye haya hujikwaa hata kama kazi ni yake, msemaji hodari hupenya, na kwa darasa la watu 400 haiwezekani kabisa. Naendelea nayo kwa kuwa walau namwona mtu.

Kabla hatujaagana, mhadhiri aliniuliza ajaze nini kwenye fomu, maana ina kisanduku kimoja tu, cha asilimia. Nikamwambia aandike namba za kurasa zenye zile aya mbili, na amrudishie binti azirekebishe.