Presha ya mimba, na kile kichwa kinachouma ukiwa kwenye arobaini

Nipo wodi ya wazazi. Haya maswali naulizwa karibu kila wiki, na mengine naulizwa mgonjwa akiwa hajitambui tayari.

Presha ya mimba ni ipi?
Ni ile inayoanza baada ya wiki 20 za ujauzito kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Kipimo kikifika 140/90, hata kama imepanda namba moja tu kati ya hizo mbili, tunakufuatilia. Ikikutwa na protini kwenye mkojo hapo tunaanza kuogopa kifafa cha mimba, kwa hiyo dada ule mkojo tunaokuomba kliniki usiukwepe.

Mbona mimi najisikia poa tu?
Wengi wanajisikia poa. Nimepima mtu 160/110 kaja anacheka na simu mkononi.

Miguu imevimba, bibi anasema mtoto wa kiume.
Bibi tunampenda ila hapana. Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa mjamzito, lakini ukiamka uso umejaa, mikono imevimba mpaka pete haitoki, njoo upimwe leo.

Nikishajifungua presha si inaisha?
HAPANA. Hili ndo linaniumiza maana watu wanaamini mtoto akitoka na presha imetoka naye, wakati mara nyingi inapanda zaidi siku ya 3 mpaka ya 6, yaani umesharuhusiwa, uko nyumbani unakandwa maji ya moto unakunywa mtori, wageni wanakuja kumwona mtoto na hakuna hata mmoja anayekuangalia wewe. Kifafa kinaweza kukupata hata kama ujauzito wote presha ilikuwa nzuri. Siku za mwanzo ndo mbaya zaidi ila hatari inaenda mpaka wiki 6, hiyo ni arobaini yako yote na siku mbili juu.

Kichwa kinauma siku ya tano, si uchovu wa kuamka na mtoto?
Pima kwanza ndo useme uchovu. Panadol inatuliza kichwa, presha haiigusi. Kichwa kinachogonga na hakiachi, macho yanaona ukungu au nyota nyota, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, kupumua kwa shida: moja tu kati ya hayo inatosha, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Mama mkwe anasema mzazi hatoki nje kabla ya arobaini.
Mwambie mama kwa heshima zote kwamba hospitali sio kutembea. Mtoto abebwe, bajaji iitwe, muende. Jamani, kichwa kinachouma kwenye arobaini hakisubiri arobaini iishe.

Akianguka degedege je? Wengine wanasema ni jini.
Basi huyo jini anashuka kwa sindano ya magnesiamu, na mganga hana hiyo sindano. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, tafuteni usafiri. Zahanati ikiwa ndo karibu pitieni, waulizeni kama wana dozi ya kwanza, wampe halafu wawape rufaa. Wanaoletwa baada ya kuzungushwa kwa waganga siku mbili wanafika wameshapata degedege mara nne tano, ubongo na figo zimeshapigwa, halafu ndugu wananiuliza mimi kwa nini hazinduki.

Nimeacha dawa maana nanyonyesha.
Nani kakuambia uache? Nifedipini na enalaprili tunawapa wanaonyonyesha. Ila enalaprili ukiwa mjamzito hapana, inaumiza mtoto tumboni, kwa hiyo kuazima vidonge vya presha vya mama yako mzazi acha kabisa. Na malimao na kitunguu swaumu weka kwenye chakula, sio badala ya dozi.

Mimba ijayo itarudi?
Inaweza. Wahi kliniki mapema, kabla ya wiki 16 ikiwezekana, maana kuna aspirini ya dozi ndogo daktari anaweza kukuanzishia ya kupunguza uwezekano (usijinunulie mwenyewe duka la dawa). Na siku hiyo ya kwanza useme mwenyewe kwamba mimba iliyopita ulipata presha, usikae kimya kusubiri nesi akuulize, kuna siku tuko wawili na foleni inafika getini.