Mfarishi wa sanaa ni nini?

Mfarishi, kwa bibi zetu, ni kitu cha kulalia au kujifunika: kitambaa juu, kitambaa chini, pamba au sufi katikati, kisha vyote vikashonwa pamoja ili pamba isijikusanye pembe moja. Mfarishi wa sanaa umeundwa vivyo hivyo, ila haumfuniki mtu. Hutundikwa ukutani utazamwe. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya Kimarekani kama picha, ingawa mingi ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya vitanda.

Hapa Unguja fikra hiyo si ngeni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mtu humaliza ugomvi nayo (au huuanzisha) bila kufungua mdomo. Lakini mfarishi wa sanaa si lazima uandikwe neno. Rangi na mkato wa kitambaa hutosha kusema.

Washonaji wa nchi za baridi hupenda kushona mapukutiko, majira ambayo majani hugeuka rangi na kuanguka. Baadhi ya tafsiri huyaita vuli, na msomaji wa hapa hupotea papo hapo, maana vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Disemba, wakati kila kitu kinachipua. Mapukutiko tunayoyajua sisi ni ya mkungu. Jani lake huiva kama tunda: manjano kidogo, rangi ya machungwa, mwishowe damu ya mzee. Okota moja Mikunguni, kama mtaa wenye jina hilo bado umekubakishia mti.

Mfarishi wangu mdogo niliushona kutokana na mshororo niliojitungia:

Mkungu wavua nguo, haukungoja kipupwe

Mizani, yaani silabi, ni 16, kwa hiyo vipande 16 kwa safu, kila kimoja sentimita 3 kikishashonwa. Ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) vipande vinane, utao (nusu ya pili) vinane, na utepe mwembamba mweusi kati yao pale penye koma. Kipande cha nane nilikipa kitambaa kilekile katika kila safu isipokuwa ya mwisho, na cha kumi na sita kadhalika, kwa sababu hapo ndipo panapokaa vina. Safu ni nne, kama ubeti wa tarbia, na ya mwisho nilibadilisha vitambaa vya vina, kama washairi wengi wafanyavyo kwenye kituo. Mishororo mitatu iliyobaki siiandiki hapa. Kwa vitambaa imekaa vizuri kuliko kwa maneno.

Vipande vilitoka kwenye mabaki ya fundi cherehani na kanga kuukuu. Katikati nilitia pamba, kwani sufi hupaa ikakuingia puani. Nikapiga bandi ndefu za muda kushika uso, pamba na bitana, kisha nikadarizi kwa mkono, subana kidoleni, nikifuata mishipa ya jani nililoliweka mezani mpaka likakauka.

Kosa langu lilikuwa kanga moja mpya, nyekundu, ambayo sikuifua kwanza. Niliponyunyiza maji ili nipige pasi, ikachuja rangi. Nilishika mkasi nifumue, kisha nikahesabu: doa limeangukia kipande cha tano cha safu ya kwanza, silabi ya "vu" katika "wavua". Nikaliacha.