"Aliyeongoza ndiye mtawala": hesabu ya Bundestag haiendi hivyo

Kila Ujerumani inapopiga kura swali huwa lile lile, tena huulizwa kwa uhakika kabisa: chama kimeongoza, mbona kinaanza kubembeleza wengine? Mazoea ya kwetu yanaeleweka. Mtanzania humpigia rais kura moja kwa moja, Mkenya vilevile. Mjerumani hampigii mtu yeyote kura ya ukansela, yaani uongozi wa serikali. Anachagua wabunge wa Bundestag, bunge la Ujerumani, nao wabunge humchagua kansela kwa kura ya siri. Hakuna kifungu cha katiba kinachokipa chama cha kwanza haki ya kuunda serikali. Mwaka 1976 CDU/CSU, vyama ndugu viwili vinavyohesabiwa pamoja, ilizoa asilimia 48.6 ya kura ikabaki upinzani, na Helmut Schmidt wa SPD, mwenye asilimia 42.6, akaendelea kutawala pamoja na chama kidogo cha FDP.

Kwa hiyo usiku wa matokeo achana na asilimia. Chukua kalamu ujumlishe viti.

Katika uchaguzi wa tarehe 23 Februari 2025 viti vilikuwa 630, na wingi unaohitajika 316. CDU/CSU ilipata 208, AfD 152, SPD 120, Kijani 85, Die Linke 64, na SSW, chama cha jamii ndogo ya Kidenmaki, kimoja. CDU/CSU imepungukiwa viti 108. Ikiungana na AfD inafika 360, ila Friedrich Merz, mgombea ukansela wa CDU/CSU, alikwisha kuufunga mlango huo. Na Kijani inafika 293, haitoshi. Na SPD, 328. Kwa mseto wa vyama viwili njia ikabaki hiyo moja. Ndiyo maana SPD, iliyoporomoka kutoka asilimia 25.7 hadi 16.4, ilirudi serikalini na kuondoka mezani na wizara 7, zikiwemo Fedha na Ulinzi. Aliyeanguka anaweza kudai bei kubwa, mradi asikosekane kwenye hesabu.

Jumlisha sasa asilimia za vyama hivyo viwili: 28.5 na 16.4 ni 44.9. Vipi zizae zaidi ya nusu ya viti? Ni kwa sababu ya kizingiti cha asilimia 5: kwa kawaida chama kisichokifikia hakigawiwi viti (SSW, kama chama cha jamii ndogo, hakibanwi nacho). FDP iliishia 4.3 na BSW 4.98, na kura zao hazikuzaa kiti hata kimoja. BSW ilikosa takriban kura 9,500 tu. Ingevuka, ingechukua viti vya kutosha kuushusha mseto wa Merz chini ya wingi, na chama cha tatu kingelazimika kutafutwa. Anayedai vyama vidogo havina athari aanzie hapo.

"Mseto ukivunjika, serikali imeanguka." Haijaanguka. Olaf Scholz wa SPD, kansela wa wakati huo aliyeongoza mseto wa SPD, Kijani na FDP, alimfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner wa FDP, tarehe 6 Novemba 2024, FDP ikatoka, na SPD na Kijani wakaendelea bila wingi bungeni. Uchaguzi wa mapema ulihitaji kansela mwenyewe aombe kura ya imani na kuikosa, jambo lililotokea 16 Desemba. Kisha rais akalivunja bunge, na kuanzia hapo uchaguzi lazima ufanyike ndani ya siku 60. Hata baada ya kushindwa, Scholz alishika ofisi hadi 6 Mei 2025. Wapinzani nao hawawezi kumng'oa kansela kwa kumkataa tu: lazima kura hiyo hiyo imchague mrithi, kama Helmut Kohl alivyoingia mwaka 1982.

"Ukishinda jimbo, kiti ni chako." Ilikuwa zamani. Kwa sheria mpya ya 2023, washindi 23 wa majimbo walibaki nyumbani mwaka 2025 kwa kuwa kura za vyama vyao hazikutosha kuvilipia viti hivyo.

Na mkataba wa mseto ukishatiwa saini? Bado si kura. Merz aliingia ukumbini na wabunge 328, duru ya kwanza ikampa 310. Uchaguzi haurudiwi kwa hilo: bunge lina siku 14 za kujaribu tena. Mchana wa siku hiyo hiyo alipata 325.