Msaada wa mafuriko: kwa nini jina lako halimo kwenye orodha

Baada ya kila mafuriko makubwa malalamiko hufanana: jina halimo kwenye orodha, jirani kapata mara mbili, maturubai yamekwisha foleni ikiwa haijafika nusu. Mengine yana msingi, nayo hufuatiliwa. Mengi, hata hivyo, chanzo chake ni siku ya usajili.

Mgao hutolewa kwa kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Haugawiwi kwa nyumba. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu, na kaya iliyotawanyika kwa ndugu inabaki kaya moja. Mwandikishaji huchukua jina la mkuu wa kaya, umri na jinsia ya kila mmoja, kisha huuliza kuhusu mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ulemavu na anayetumia dawa kila siku. Mwisho huuliza jina la mpokeaji mbadala. Nafasi hiyo wengi huiacha wazi, halafu mama akijifungua siku ya mgao hakuna anayeruhusiwa kumpokelea.

Kitambulisho kilichosombwa na maji si sababu ya kutoandikishwa. Kiongozi wa eneo na majirani wanakutambua, unaweka dole gumba, basi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado zipo familia zinazokaa wiki nzima zikingoja kitambulisho kipya kwanza.

Baada ya usajili hufuata uhakiki. Orodha husomwa hadharani au hubandikwa ili watu waweke pingamizi, kisha maofisa hupita kuhesabu watu. Mtoto aliyezaliwa baada ya usajili huongezwa, aliyehama huondolewa. Kaya iliyojiandikisha katika vituo viwili, kadi zake zote mbili za kupokelea mgao husimamishwa hadi isikilizwe. Ikionekana ni makosa ya kawaida hurudishiwa moja yenye idadi sahihi. Kadi iliyouzwa au kuwekwa rehani hufutwa. Kadi ya kughushi ni suala la polisi. Hata hivyo mtoto haadhibiwi kwa kosa la mzazi: matibabu, chanjo na lishe ya watoto havihitaji kadi ya mgao, na anayekufukuza kliniki kwa sababu huna kadi amekosea yeye.

Kuandikishwa ni bure. Hakulipwi kwa fedha, kwa kazi, wala kwa mwili. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inakataza mtumishi wake kufanya ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, na kudai kuwa hakujua umri si utetezi. Ukiona au ukisikia jambo hilo, toa taarifa kwenye sanduku la malalamiko, kwa simu ya kituo, au kwa shirika jingine kama la kwako halikusikilizi. Taja mahali, tarehe na kazi ya mhusika. Jina lako si lazima.

Kuhusu kiasi: viwango vya chini vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu ambao mashirika mengi huutumia kupanga, ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, chakula cha wastani wa kilokalori 2,100 na mita za mraba 3.5 za eneo lililoezekwa. Lita hizo 15 ni za kunywa, kupika na kuoga kwa pamoja. Siku za mwanzo, barabara zikiwa zimekatika, huenda zisifike.

Vidonge vya klorini ndivyo vinavyotumiwa vibaya kuliko vitu vyote. Kidonge hakimezwi. Soma kwanza kimeandikwa cha lita ngapi, kwa maana cha lita 20 hakifai kutiwa kwenye jagi. Maji yenye tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie kidonge, ufunike na kusubiri dakika 30. Ukikitia kwenye tope, klorini huishia kwenye uchafu na vijidudu hubaki. Kuchemsha nako kunafaa: maji yatokote kwa nguvu dakika moja kamili, au dakika tatu katika nyanda zilizo juu ya mita 2,000. Maji yaliyochanganyika na mafuta au dawa za mashambani hayatengenezeki kwa njia yoyote kati ya hizi, yasinywewe.

Mtoto akiharisha, pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) ya lita moja huchanganywa yote katika lita moja ya maji salama, si nusu kwenye kikombe. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Vidonge vya zinki anavyopewa huendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Wahisani, tafadhali msilete maziwa ya unga ya watoto wala chupa za kunyonyeshea. Maji machafu na chupa isiyochemshwa huua watoto waliokuwa wakinyonya vizuri. Maziwa ya mama hayakauki kwa hofu. Mshtuko unaweza kuchelewesha kutoka kwake, na kumnyonyesha mtoto mara kwa mara huyarudisha. Asiye na wa kumnyonyesha hupewa maziwa mbadala chini ya mhudumu wa afya, kwa kikombe.

Mtoto aliyepotezana na wazazi asihamishiwe mji mwingine, asipelekwe kituo cha yatima, na picha yake isisambazwe mitandaoni, kwani wenye nia mbaya nao huiona. Wengi wa watoto hawa wana ndugu walio hai wanaowatafuta. Mafuriko si wakati wa kuasili mtoto. Mpeleke kwa ofisa wa ustawi wa jamii au dawati la watoto, ueleze ulimpata wapi, saa ngapi, alikuwa na nani na anajitaja kwa jina gani. Nguo alizovaa zisitupwe, maana ndugu huzitambua. Ukikubaliwa kumhifadhi kwa muda, huandikwa kwenye kadi yako kama mtu wa ziada na mgao huongezwa, na mtoto huendelea kutembelewa hadi ndugu zake wapatikane.