Treni yako haijafa, ina njaa

Januari ikiingia najua nitaletewa treni. Jamaa wamerudi likizo kutoka Uingereza, Ujerumani au Marekani na seti ya treni ndogo ndani ya sanduku. Watoto (na baba zao, tusidanganyane) wameitandika sebuleni, imezunguka mara mbili tatu, kisha ikagoma. Kichwa cha treni kinaviringishwa kwenye taulo na kuletwa kibandani kwangu, na maneno ni yale yale: "Fundi, mota imekufa."

Haijafa. Mota zilizokufa kweli ninazoletewa ni chache, na kati ya hizo nyingi ziliuliwa na mwenyewe baada ya kuamini kwamba zimeshakufa. Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu nilikiweka kichwa kwenye kipande changu cha reli hapa mezani, kikaondoka kama mshale. Kwa hiyo niacheni niyajibu yote mara moja, moja moja, maneno haya ninayoletewa.

"Inasimama upande wa mbali, basi transfoma ni ndogo"

Hii ndiyo inayonipandisha mori, kwa sababu ndiyo inayochoma vitu.

Mzee mmoja wa Tudor, Mombasa, alitandika reli juu ya rafu ya ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani, mita mbili na kitu. Nyaya mbili kutoka kwenye kontrola, kile kisanduku cha kuongeza na kupunguza mwendo, zilifungwa mlangoni, basi. Treni inaondoka kwa mbwembwe, ikifika katikati inapoa, karibu na dirisha inatambaa, halafu inasimama. Mzee akaamua umeme hautoshi. Akachomoa kontrola, akaweka chaja ya betri ya gari. Sasa treni ikawa inaruka nje ya reli mlangoni, na dirishani bado inatambaa. Kisha kukatoka harufu.

Nikaenda na mita yangu ya kupimia volti, nikarudisha kontrola. Mlangoni ilisoma volti 12. Dirishani, volti 12. Mzee akanitazama: "Si nilikwambia? Umeme uko kote."

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, hata mafundi wenzangu wa redio. Mita haili umeme, inaonja tu. Ni sawa na mfereji wenye bomba lililojaa kutu: ukiwa umefungwa, presha ni ile ile chini na ghorofani. Ufungue ndipo utajua maji yanafika au hayafiki. Nikamwomba mzee aweke kichwa kingine cha treni dirishani na kukishika kidogo magurudumu yakiendelea kuzunguka, huku mita ikiwa palepale kwenye reli. Ikashuka hadi 7.

Volti 5 zimekwenda wapi? Reli za seti ni fupi, sentimita 17 hivi kila kipande, kwa hiyo safari ya mita mbili ina viungo zaidi ya kumi. Kila kiungo ni kibati chembamba kilichokunjwa, ambacho kazi yake ya kwanza ni kuzuia reli mbili zisipishane. Umeme ni kibarua tulichokiongezea. Tuseme kibati kimechafuka kidogo na kina omu 0.5. Treni ikivuta nusu ampea, kibati hicho kinakula robo volti. Vibati kumi, volti 2.5. Halafu watu husahau kwamba umeme lazima urudi, na unarudi kwa reli ya pili yenye vibati kumi vyake. Volti 5 hizo. Transfoma haina kosa lolote.

Tena hapa kwetu pwani hewa ina chumvi. Kibati kilichokuwa kinang'aa Desemba, masika ikija kimeshapata ukungu wa kijani. Na reli zenyewe si waya mzuri kama mnavyodhani. Nyingi ni za nikeli-silva, jina la ulaghai kwa sababu halina fedha ndani yake hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Haitoi kutu kama chuma, ndiyo sifa yake, lakini upinzani wake kwa umeme ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba tupu.

Dawa ni waya, si transfoma. Chini ya ubao pitisha nyaya mbili za shaba, zile za milimita mraba 1.5 za kufungia taa za nyumba, nyekundu na nyeusi, zifuate njia ya reli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha kutoka kila kipande cha reli, au angalau kila kipande cha pili, teremsha kiwaya chembamba upite kwenye tundu na kukutana na waya mkubwa wa rangi yake. Reli ya upande wa ukuta iwe nyekundu safari nzima. Ukibadilisha hata mara moja umepiga shoti.

"Lakini fundi, kulehemu kutayeyusha mataruma ya plastiki, yale yanayoshika reli chini." Kutayeyusha ukiweka pasi ya kulehemia ikiwa baridi na kuisubiri ipate moto juu ya reli. Kwaruza ubavu wa nje wa reli kwa ncha ya kisu mpaka uone rangi mpya, upana wa punje ya mchele tu. Paka mafuta ya kulehemia. Weka risasi kidogo kwenye reli peke yake, weka risasi kwenye waya peke yake, viache vipoe. Kisha vigusishe na uweke pasi yenye moto wa kutosha, hesabu moja, mbili, ondoa. Pande zote mbili za mahali hapo laza vipande vya kitambaa kilicholoa maji, vinywe joto. Na usilehemu upande wa ndani wa reli hata kwa dawa, kwa sababu ukingo wa gurudumu hupita hapo na tone moja la risasi litaiangusha treni kila mzunguko.

Kipimo changu ninachokipenda hakipatikani kwenye duka la vitu vya kuchezea. Ni balbu ya gari ya volti 12, wati 5, ile ndogo ya taa za pembeni, niliyoilehemu vinyaya viwili. Inavuta karibu ampea 0.4, sawa na treni nyingi ndogo. Washa kontrola hadi mwisho, tembeza vinyaya hivyo juu ya reli kipande kwa kipande, chumba kikiwa na kiza kidogo. Inapofifia, kiungo unachokitafuta uko nacho mkononi. Ninayo miaka mingi, na imenipa heshima kuliko mita ya bei ghali.

Kuhusu chaja ya betri ya gari: usiiweke. Kontrola ya treni inajikata yenyewe kukiwa na shoti. Chaja za namna ile nyingi hazijikati haraka, zina ampea za kuyeyusha waya mwembamba, na volti zake hupanda zaidi ya 12. Betri ya gari yenyewe bila fyuzi ndiyo kabisa usithubutu. Mota ya mzee wa Tudor ilikuwa nzima siku ya kwanza aliponipigia simu. Siku nilipofika, haikuwa nzima tena.

"Ya kidijitali haihitaji nyaya zote hizo"

Boksi limeandikwa nyaya mbili tu, najua. Nyaya mbili zinatosha kuiwasha dukani. Mfumo wa kidijitali unapitisha amri kwenye reli zile zile, na palipo na volti hafifu amri nazo huharibika. Jambo jingine ni kubwa zaidi: kontrola lazima ihisi shoti popote itokeapo. Chukua sarafu ya shilingi kumi, ilaze juu ya reli zote mbili mahali pa mbali kabisa. Kontrola ikijikata papo hapo, vizuri. Isipojikata, vibati vyako vinaificha shoti, na siku behewa litakapoanguka vibaya utapata plastiki iliyoyeyuka. Afadhali sarafu ikwambie leo.

"Reli zikichafuka pigeni msasa"

La. Msasa huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni kinyumba cha uchafu. Reli iliyopigwa msasa inang'aa Jumamosi na Jumatano ni nyeusi kuliko awali. Spiriti na kipande cha kanga kuukuu, mpaka kitambaa kitoke safi. Usisahau magurudumu, kwa sababu ndiyo yanayoupeleka uchafu nyumba hadi nyumba. Na yule aliyewaambia mpulize ile dawa ya kulegeza boliti juu ya reli, mwambieni aje anilipe muda wangu wa kuifuta.

"Reli zisukumwe zigusane, pasiwe na mwanya"

Nyumba zetu nyingi zina mabati juu. Asubuhi nyuzi 24, alasiri chini ya dari zaidi ya nyuzi 40. Kipande cha reli ndefu cha milimita 914 kinarefuka karibu milimita 0.3 kwa tofauti ya nyuzi 20. Ukivisukuma vitano vikabanana, urefu huo unatafuta pa kwenda, na saa tisa alasiri reli inapinda kama upinde. Weka kadi ya biashara katikati ya reli mbili unapozipigilia, kisha uitoe. Basi. Wanaolehemu viungo vyote ili umeme upite wanajiletea balaa hii hii. Ukishateremsha vinyaya vyako, viungo viache vicheze.

"OO na HO ni kitu kimoja"

Reli ni moja, upana milimita 16.5. Treni si moja. Hivi ni vipimo vya treni ndogo: HO ni sehemu 1 ya 87 ya treni ya kweli, OO ya Waingereza ni 1 ya 76. Zitatembea pamoja bila shida, ila behewa la Mwingereza litakuwa kama kaka mkubwa aliyevaa viatu vya mdogo wake. Anayetaka kuiga SGR na reli zake za milimita 1435, HO inamfaa. Anayeniambia anataka ile reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, yenye upana wa mita moja, na Garratt zake, vile vichwa vya mvuke vilivyopewa majina ya milima, ajue kwamba kwa kipimo cha HO mita moja ni milimita 11.5, na reli ya kutafuta ni ya milimita 12, inayoitwa HOm. Kuna vijana wanaweka Garratt juu ya reli ya 16.5 na kuniuliza mbona inakaa vibaya.

"Mchanga wa pwani unafaa kwa kokoto za kumwaga kwenye reli"

Ni wa bure, ni mzuri kwa macho, na una chumvi. Baadhi yake una chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku. Pitisha sumaku uone zinavyong'ang'ania, kisha fikiria mota yenye sumaku inayopita juu yake kwa kimo cha milimita chache. Pondeni kokoto za kawaida mchekeche, osheni, kausheni. Kokoto na gundi ziwe kazi ya mwisho, treni ikishatembea wiki nzima bila kugoma, na msimwage gundi karibu na ulimi wa swichi ya reli, pale njia inapogawanyika. Gundi ikiganda pale, swichi imekwisha.

"Umeme ni umeme"

Seti ya Marekani transfoma yake ni ya volti 120. Ukuta wako una 240. Hilo sihitaji kulieleza zaidi, nimelinusa vya kutosha. Soma maandishi ya chini ya transfoma kabla hujatafuta adapta ya plagi.

"Siku ya kwanza funga mabehewa yote watoto wafurahi"

Kichwa kipya kinataka kutembea peke yake kwanza, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, mwendo wa wastani, gia zake zizoeane na mafuta yaenee. Kisha funga behewa moja, zunguka. La pili, zunguka. Watoto watanuna, lakini njia hii ina faida nyingine: kikianguka kitu unajua ni nani. Mabehewa yote yakianguka mahali pamoja, kasoro ni ya reli. Inama mpaka jicho liwe sawa na reli na utakiona kiungo kilichopanda. Behewa moja likianguka kila mahali, kasoro ni magurudumu yake. Yapime kwa ndani, mgongo kwa mgongo. Kwa OO yanatakiwa kuwa milimita 14.5. Yakiwa yamebanana, shika kila gurudumu kwa vidole, zungusha huku ukivuta kidogo kidogo, pima tena.